Mahindi Yanapotembea: Mjadala wa Sheria ya Kuingia Shamba la Mtu

Sheria inayomkataza mtu kuingia shamba la mwenzake haina mpinzani hadi pale inapoulizwa shamba linaishia wapi. Wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, swali hilo limekwisha kugharimu maisha ya watu. Mwezi Desemba 2000, watu 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wengi wao wanawake na watoto. Nyuma ya mauaji yale kulikuwa na miaka ya malumbano juu ya mifugo kuingia mashambani na mifugo kukamatwa. Sheria za kuadhibu uvamizi zilikuwapo tangu mapema. Vitabu vilikuwa rafuni, mahakama zilikuwa wazi, na watu wakauana.

Wanaozungumza hapa ni wanne: mama anayelima mahindi na mpunga, mzee mfugaji wa Kiparakuyo, mtendaji wa kijiji, na wakili ambaye bado ni binti mdogo. Wote nimewabuni. Hoja zao sikuzibuni. Hizo zinasemwa kila kiangazi katika uwanda wa Mkata, ng'ombe wanapoteremka kutafuta maji. Nimejitahidi kila mmoja aseme lake kwa nguvu zake zote, nami nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

MKULIMA: Shikamoo mzee. Naomba nianze mimi, kwa kuwa aliyepoteza ni mimi. Ekari mbili za mahindi, yamekwisha kubeba, yanasubiri kukomaa tu. Nimeamka alfajiri nimekuta kwato. Kundi la ng'ombe mia halihitaji usiku kucha, saa moja inalitosha, na yale ambayo halikuyala limeyakanyaga. Mbolea nilikopa. Vibarua wa palizi nililipa mara mbili. Shamba lile ndiyo ada ya watoto, ndiyo dawa, ndiyo chakula mpaka masika mengine. Halafu nasikia redioni wanasema "migogoro ya wakulima na wafugaji", utadhani tulikutana njiani tukapigana. Mimi sikwenda kwenye zizi la mtu. Mahindi hayatembei, mzee.

MFUGAJI: Marahaba, mama, na pole sana. Nasema pole kwanza, kwa sababu hasara yako naijua. Mimi mwenyewe nimelima mahindi. Na mtu anayefungulia ng'ombe usiku kwenye shamba la mtu kwa makusudi, kwetu pia ni mwizi. Laigwanani, kiongozi wetu wa kimila, akimshika anamtoza, na simtetei. Lakini neno lako la mwisho nalikataa. Mahindi yanatembea. Njia ya kwenda mtoni, nilipokuwa kijana, makundi mawili yalipishana bila kugusana. Mwaka mmoja mtu akalima ukingoni. Mwaka wa pili akasogea hatua kumi, akaja na wa upande wa pili naye akasogea. Leo ng'ombe wanapita mmoja mmoja, kushoto mahindi, kulia mahindi, na anayewachunga ni mtoto. Lambo tulilochimbiwa limejaa tope. Maji yako ng'ambo ya mashamba. Niambie, mama, ng'ombe asinywe?

MKULIMA: Anywe. Lakini kiu ya ng'ombe wako nilipe mimi?

MFUGAJI: Usilipe wewe. Na mimi nisiitwe mvamizi kwenye njia ya baba yangu.

MTENDAJI: Naomba niseme ninayoyaona ofisini, maana wote wawili mnaishia kwangu. Kijiji chetu kina sheria ndogo. Ilipita katika halmashauri ya kijiji, ikapita mkutano mkuu, ikathibitishwa wilayani. Inasema ng'ombe akikutwa shambani, mwenye ng'ombe anatozwa faini kwa kila kichwa. Kwenye karatasi inapendeza. Sasa mgambo wameleta ng'ombe sitini, saa tano usiku. Zizi la kijiji sina. Majani sina, maji sina. Ng'ombe akinifia mikononi, mwenye deni ni mimi. Mwenye mali anakuja na fedha asubuhi, analipa, nakata stakabadhi, ng'ombe wanaondoka. Mama huyu anafika saa nne kuuliza fidia yake. Namwambia tumsubiri bwana shamba aje afanye tathmini. Bwana shamba ana kata nzima na pikipiki moja.

MKULIMA: Alikuja baada ya wiki mbili. Mahindi yaliyokanyagwa yalikuwa yamekwisha kuoza, akaandika hasara nusu ya ile niliyoiona. Na mwenye ng'ombe hakuonekana tena.

Hapa naingilia. Tunapodai sheria kali za uvamizi huwa tunazungumzia kiwango cha adhabu: faini ipande, kifungo kirefuke, ng'ombe wataifishwe. Mama huyu hakuuliza hayo. Ameuliza fidia yake iko wapi. Faini imelipwa, stakabadhi imekatwa, mkosaji ameondoka akiwa hana deni na serikali, na shamba bado limelala chini. Madhara yalimpata mtu mmoja, fedha ikapokelewa na mwingine. Sheria ya namna hiyo inaweza kuongezwa ukali kila mwaka na isimsaidie mkulima hata debe moja. Tena inafanya jambo baya zaidi. Kila anayehusika na kukamata ng'ombe ana sababu ya kupenda ng'ombe wakamatwe, maana kukamata kunaleta fedha, na fedha inayopokelewa usiku si yote inayoandikwa kitabuni.

WAKILI: Kisheria, mambo mawili yamechanganywa hapa na ndiyo maana mama anazungushwa. Kuna uvamizi wa jinai na kuna uvamizi wa madai. Ule wa jinai uko katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 299. Haitoshi kuonyesha kwamba mtu aliingia. Lazima ionekane aliingia isivyo halali na kwa nia: kutenda kosa, kutisha, kutukana au kumuudhi aliyeko kwenye mali hiyo. Mchungaji mtoto aliyezidiwa na ng'ombe wenye kiu hana nia hiyo. Anayefungulia ng'ombe saa nane za usiku anayo, lakini ni nani aliyemwona? Mahakama ikimtia mtu hatiani inaweza pia kuamuru amlipe fidia aliyeumizwa. Lakini kufika huko ni miezi, na mama hana miezi.

MKULIMA: Kwa hiyo binti yangu, unaniambia sheria inamlinda huyu mzee?

WAKILI: Hapana, mama. Nakuambia umepelekwa kwenye mlango ambao si wako. Kwenye madai huhitaji kuthibitisha nia ya mtu. Unaonyesha shamba ni lako, ng'ombe ni wa fulani, hasara ni kiasi hiki. Ukiripoti polisi peke yake, kesi inakuwa ya Jamhuri dhidi ya mchungaji, na wewe ni shahidi tu kwenye hasara yako mwenyewe.

MTENDAJI: Majirani zetu Kenya, nasikia, sheria yao haina huruma hivyo.

WAKILI: Kenya wana sheria yao mahususi ya uvamizi, Sura ya 294. Inataja waziwazi kulisha mifugo kwenye ardhi ya mtu bila ridhaa yake, na mzigo wa kuthibitisha kwamba ulikuwa na sababu ya maana au ruhusa unakaa juu ya mshtakiwa. Ni sheria iliyoachwa na ukoloni, iliyofaa nchi ya mashamba makubwa yenye uzio. Mbona mwaka 2017 Laikipia ilipokauka, maelfu ya mifugo waliingia kwenye maranchi, watu wakapigwa risasi, wakafa? Ukali ulikuwapo na mzigo wa ushahidi ulikuwa juu ya mfugaji, na ng'ombe waliingia, kwa sababu nje ya uzio hapakuwa na jani.

MKULIMA: Laikipia ni ranchi za matajiri. Mimi nina ekari mbili. Usinifanye mimi mzungu wa Laikipia.

Amesema kweli, na ningependa wote wanaoandika juu ya haki za wafugaji walizingatie hilo. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30. Sehemu yao ni mali ya watu wasiokanyaga malisho hata siku moja, waliowaajiri vijana kuwachungia. Mwenye ng'ombe mia nne na mwenye ekari mbili hawasimami sawa mbele ya mtendaji, wala kituo cha polisi, wala popote panapohitaji nauli. Nilipoanza kuandika makala hii moyo wangu ulikuwa upande wa yule mama, na bado uko huko. Lakini mzee ana hoja ambayo siwezi kuiruka, na historia ya nchi hii inamuunga mkono kuliko tunavyopenda kukubali.

MFUGAJI: Waulizeni Wabarbaig wa Hanang. Ndugu zao wengine tunaishi nao hapa hapa Kilosa, na walikotoka panajulikana.

WAKILI: Kisa cha Basotu, huko huko Hanang, tulikisoma chuoni. Shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba makubwa saba ya ngano katika malisho bora ya Wabarbaig. Njia za mifugo zilifungwa, makaburi ya wazee wao yakapitiwa na trekta. Aliyeingiza ng'ombe pale alipochungia babu yake alikamatwa akatozwa faini. Wanakijiji wa Mulbadaw wakafungua kesi, wakasema mvamizi ni shirika. Mahakama Kuu ikawapa haki mwaka 1984. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikageuza: kijiji hakikuthibitisha kugawiwa ardhi ile, na walalamikaji hawakuthibitisha kwamba wana haki ya kimila juu yake. Basi aliyekuwa mwenyeji akawa mvamizi kwa hukumu.

MFUGAJI: Uvamizi unaanza siku karatasi inapoandikwa, na sisi hatukuwapo siku hiyo.

MTENDAJI: Mzee wangu, yasiwe malalamiko ya upande mmoja. Wafugaji mlipoondolewa bonde la Ihefu, mwaka 2006 na 2007, wengi waliswaga ng'ombe kuelekea Rufiji na Lindi. Huko nako palikuwa na wenyewe, wanalima. Mwaka 2012 Ikwiriri, huko Rufiji, ikachafuka. Serikali ilihamisha ng'ombe, ikahamisha na ugomvi.

MFUGAJI: Unasema kweli. Lakini aliyehamisha ni nani?

Hapa kuna jambo ambalo wakulima wa Kilosa hawapendi kuambiwa, nami nalisema kwa kuwa nawatakia mema. Kwenye mashamba ya mkonge yaliyotelekezwa wilayani humo, mkulima mdogo ndiye mvamizi wa kisheria. Mwenye hati yuko mbali, mkonge umegeuka pori, na watu wenye njaa wamelima humo miaka mingi. Baadhi ya mashamba hayo serikali imeyafutia hati, mengine la. Mkulima akishtakiwa na mwenye hati anasema: ardhi ilikuwa imelala, nina watoto, nilikuta njia iko wazi. Ni maneno yale yale anayoyasema mchungaji anapokamatwa shambani kwa mkulima huyo huyo. Siyasemi haya kumsuta mtu. Nayasema kwa sababu mtu anayejua uchungu wa kuitwa mvamizi kwenye ardhi inayomlisha ana mengi zaidi ya kumwambia mwenzake kuliko jaji yeyote.

MKULIMA: Hilo nalikubali kwa shingo upande. Lakini kuna tofauti. Mimi nikilima pori la mwenye mkonge, sili jasho la mtu. Ng'ombe akila mahindi yangu, anakula siku zangu.

MFUGAJI: Na ng'ombe wangu akifa kwa kiu, ni siku za nani?

Kimya kifupi kingefaa hapo, ila mtendaji ana mkutano saa nane.

MTENDAJI: Nilikuwa najiuliza, wakili. Hao wanaokamatwa kwenye ile njia ya zamani, mbona kesi zao mahakamani hazikai? Tunapeleka, zinarudi.

WAKILI: Kwa sababu msimamo wa mahakama zetu ni wa siku nyingi: shtaka la uvamizi wa jinai halisimami ikiwa umiliki wa ardhi yenyewe unabishaniwa. Kwanza ijulikane kwa kesi ya madai ardhi ni ya nani, ndipo useme fulani ameingia. Sasa ile njia ni ya nani? Kwenye ramani ya kijiji imo?

MTENDAJI: Ramani ya matumizi ya ardhi hatuna. Tuliahidiwa.

Jibu hilo la maneno machache, kwangu mimi, ndilo lililobeba mjadala wote. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inampa mtendaji na halmashauri yake nyenzo nzuri kuliko kifungu chochote cha adhabu. Inaruhusu kijiji kutenga ardhi ya wote, ikiwa ni pamoja na malisho na njia. Inatambua makubaliano ya wakulima na wafugaji kutumia ardhi moja kwa zamu, yakaandikwa na kusimamiwa. Inaunda baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe 7, wanawake wasiopungua 3. Mwaka 2007 ikafuata sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi, na mwaka 2010 sheria ya nyanda za malisho. Tanzania ina vijiji zaidi ya 12,000. Kijiji ambacho hakijachora mpango wake hakiwezi kumwambia mtu amevuka mpaka na kumthibitishia. Kinamtuhumu tu. Na tuhuma ndiyo inayozaa kisasi.

WAKILI: Nina mfano wa mahali ilipofanyika. Kiteto, vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa. Walikaa pamoja, wakaunganisha malisho yao, wakayaita OLENGAPA kwa herufi za majina yao. Ni zaidi ya hekta 20,000, zimepimwa, wafugaji wana chama chao na hatimiliki ya kimila ya pamoja. Mtu akilima humo, mvamizi ni mkulima, na mpaka unaonekana.

MFUGAJI: Hapo ndipo ninapotaka tufike. Sheria imwone na yule anayelima njiani.

MKULIMA: Kiteto ni nchi kame, binti yangu. Nani atagombea hekta ya vumbi? Hapa kwetu udongo unaotoa gunia ishirini, kila hatua ina mwenyewe. Hata ile desturi ya zamani, ng'ombe kuja kula mabua baada ya mavuno wakatuachia mbolea, siku hizi imetushinda. Nikivuna mahindi mwezi wa saba napanda mboga kwa kumwagilia. Shamba halilali tena. Utanipangia zamu gani?

Sina jibu rahisi kwa hoja hiyo, na mpango wa Kiteto hauwezi kuhamishiwa Kilosa ulivyo. Kijiji cha wafugaji cha Mabwegere, humo humo Kilosa, kilikuwa na usajili, na bado mgogoro wa mipaka yake na vijiji jirani ulifika Mahakama ya Rufani. Karatasi peke yake haiwatulizi watu ambao hawakuketi pamoja kuiandika. Lakini tusikimbilie kusema haiwezekani. Njia ya ng'ombe si malisho. Haihitaji maelfu ya hekta. Inahitaji upana wa kupishana makundi, kutoka bomani hadi kwenye maji na hadi joshoni, na vigingi vinavyoonekana na mtoto wa miaka kumi na miwili. Kilosa, hata kwa rutuba yake, inaweza kulipa gharama hiyo. Isiyoweza kuilipa tena ni ile ya Desemba 2000.

Kuhusu faini nina msimamo, na nautoa bila kuuma maneno: fidia itangulie. Ng'ombe asifunguliwe kwa stakabadhi ya faini. Afunguliwe kwa hati iliyotiwa saini na mwenye shamba kwamba amelipwa, au kwamba wamekubaliana atalipwa lini na nani anamdhamini. Tathmini ifanyike ndani ya siku mbili na watu watatu, mkulima mmoja, mfugaji mmoja na mjumbe wa baraza la ardhi, bwana shamba akiwepo akipatikana. Faini ije baadaye, iwe ndogo. Sheria ndogo ya kijiji inatosha kwa mwanzo huo. Hakuna haja ya kusubiri Dodoma.

MFUGAJI: Mimi nakubali. Na wazee wa rika wataleta mdhamini, maana kijana wa kuajiriwa anaweza kukimbia, ukoo haukimbii. Mwaka 2017 tulipiga ng'ombe chapa nchi nzima, basi chapa isomwe, ijulikane ni wa nani. Lakini niongezewe moja. Aliyelima njiani akiliwa mahindi yake, asilipwe.

MKULIMA: Ngoja, mzee. Njia yenyewe bado haijachorwa, na wewe unaanza kunyima watu fidia?

MFUGAJI: Baada ya kuchorwa.

MKULIMA: Na ikichorwa ikapita katikati ya ekari zangu mbili? Nilizikuta zimelimwa, nilizinunua kwa fedha, mwenyekiti wa wakati ule akatia mhuri.

MTENDAJI: Utafidiwa ardhi nyingine, mama.

MKULIMA: Ipi? Itaje.

MTENDAJI: Kuna yale mashamba ya mkonge yaliyofutiwa hati...

MKULIMA: Ambayo watu wamekwisha kulima, nami nikifika huko nitakuwa mvamizi wao. Hapana, baba. Tupime kwanza ile ardhi ya kunihamishia, nione kigingi chake, ndipo tupime njia ya ng'ombe. Na iandikwe hivyo kwenye muhtasari wa mkutano, kwa mpangilio huo huo.

WAKILI: Anadai kitu ambacho sheria inamruhusu kukidai. Mkutano mkuu ndio wenye kauli.

MFUGAJI: Iandikwe. Ila mkutano uitwe kabla ya ng'ombe kuteremka, mtendaji. Ukiuita mwezi wa tisa hutatukuta kwenye viti, utatukuta mtoni.

MTENDAJI: Nitabandika tangazo Jumatatu. La Kiswahili, na litasomwa Kimaasai mnadani.

MKULIMA: Na wale wanawake watatu wa baraza la ardhi wawepo. Mara ya mwisho kilifika kiti kimoja cha mwanamke, nacho kilikuwa kitupu.